Macho, Njiti za Kiberiti na Kumbukumbu za Wazee

Mzee wa miaka sabini na tano anapouliza swali lile lile mara nne kabla ya chakula cha mchana, nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Newala juu ya uwanda wa Makonde hadi Masasi penye vilima vya mawe, huwa na majibu mawili tayari. La kwanza ni kwamba huo ndio uzee, na uzee hauna dawa. La pili husemwa kwa sauti ya chini: mzee amechezewa, au mzee mwenyewe ana mambo yake. Majibu haya mawili huishia mahali pamoja, kwa kuwa hakuna anayempeleka kituo cha afya. Makala haya yanaeleza jibu la tatu pamoja na njia za kulichunguza, ikiwemo moja ambayo huwashangaza wengi wanapoisikia kwa mara ya kwanza: kupima akili ya mtu kwa kufuatilia mwendo wa macho yake.

Kusahau si kitu kimoja

Upo usahaulifu wa kawaida wa umri. Jina la mtu linapotea mdomoni, kisha linarudi lenyewe jioni wakati hulitafuti tena. Miwani imewekwa mahali, inatafutwa, inapatikana. Huo hausumbui maisha na hauhitaji daktari.

Mwisho wa upande wa pili ipo demensia, ambayo ni hali ya ubongo kuharibika kwa maradhi hadi mtu anashindwa kujiendeshea maisha yake. Anapotea njia ya shamba la mikorosho alilolipanda kwa mikono yake. Chumvi inatiwa mara tatu katika chungu kimoja. Sababu kubwa ya demensia ni ugonjwa wa Alzheimer, ukifuatiwa na madhara ya mishipa ya damu ya ubongo, ambayo mara nyingi hutokana na shinikizo la damu lisilotibiwa.

Katikati ya hali hizo mbili ipo ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala haya: udhaifu mdogo wa utambuzi. Vigezo vyake vilivyotumiwa sana vilichapishwa mwaka 1999 na Daktari Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani. Mtu mwenye hali hii amepungukiwa kumbukumbu, au uwezo mwingine wa akili, kupita kiasi cha kawaida cha umri wake. Yeye mwenyewe ameliona hilo, au wa nyumbani kwake wameliona. Hata hivyo bado anajitegemea: analima, anapika, anakwenda msikitini au kanisani na kurudi bila kushikwa mkono.

Wanaoifikia hali hiyo hawaendi wote njia moja. Katika kliniki za kumbukumbu za nchi zilizofanya ufuatiliaji wa muda mrefu, kiasi cha watu 10 hadi 15 katika kila 100 wenye udhaifu huu huingia kwenye demensia kila mwaka. Wengine hubaki walivyo kwa miaka mingi, na wapo wanaorudi katika hali ya kawaida. Wanaorudi ni muhimu sana kwetu, kwa sababu wengi wao kusahau kwao kulikuwa na chanzo kinachotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kutofanya kazi sawasawa, sonona baada ya kufiwa, dawa zinazogongana mwilini, maambukizi ya muda mrefu, au masikio yasiyosikia vizuri. Anayesahau kwa sababu hizo akiachwa kwa neno «uzee», amenyimwa tiba ambayo huenda ipo hospitali ya wilaya.

Jambo moja huwapotosha ndugu mara kwa mara. Mzee yuleyule asiyekumbuka alichokula asubuhi anaweza kusimulia, bila kukosea jina hata moja, jinsi watu walivyoteremka genge la uwanda kufuata maji kwenye chemchemi za bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, au jinsi wakimbizi kutoka Msumbiji walivyovuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Wanaomsikiliza husema, akili yake kali kuliko yetu. Lakini kumbukumbu za zamani zimekwisha kukita mizizi. Kinachoharibika mwanzoni ni uwezo wa kuhifadhi jambo jipya. Simulizi nzuri za zamani si ushahidi kwamba kumbukumbu ni nzima.

Na gharama ya kutojua si ndogo. Msimu wa korosho mzee huletewa karatasi za chama cha msingi atie dole gumba. Anaombwa kumbukumbu ya kilo alizopeleka ghalani, deni la pembejeo, akaunti ya malipo. Asiyeweza kushika jambo jipya kichwani huibiwa kirahisi, na mwizi anaweza kuwa mtu wa ndani ya nyumba. Anaweza pia kumtuhumu mtu asiye na kosa kwamba amemwibia fedha alizoziweka mwenyewe chini ya mkeka. Ugomvi wa namna hiyo umegawa koo, ilhali chanzo chake kilikuwa ugonjwa.

Kipimo cha karatasi na mtu asiyesoma

Duniani kote uchunguzi wa awali wa kumbukumbu umefanywa kwa maswali na karatasi. Mzee anaulizwa tarehe, mwezi na mwaka, anaambiwa ahesabu kwa kupunguza saba kutoka mia, anachora saa yenye mishale, anaiga mchoro wa mche wa mraba, anaandika sentensi. Kwa mwalimu mstaafu maswali hayo ni ya haki. Kwa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu ni mtego. Elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa nchini mwaka 1977, na mtu aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa tayari na miaka 27. Wapo waliojifunza kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, lakini wapo wengi ambao kisomo hakikuwafikia, hasa wanawake. Ukimpa bibi huyo kipimo cha kuchora saa, unapima shule ambayo hakuisoma, kisha unaandika kwamba ana ugonjwa.

Liko na suala la lugha. Wazee wengi wa kata zetu wanafikiri kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua, na Kiswahili chao ni cha sokoni na cha ofisini. Swali linalojibiwa polepole kwa sababu linatafsiriwa kwanza moyoni huonekana kwa mpimaji kama swali lililomshinda mtu.

Hapo ndipo fikra ya kupima macho ilipopata nguvu. Jicho halihitaji kalamu wala Kiswahili sanifu.

Mwendo wa jicho unasema nini

Tunajiona kana kwamba macho yetu hutelezea vitu kwa utulivu, kama mtu anayepitisha mkono juu ya kitambaa. Sivyo. Katika miaka ya 1870 daktari wa macho Émile Javal wa Paris aliandika kwamba msomaji haburuzi macho yake juu ya mstari; macho huruka, hutua, huruka tena. Tangu hapo imepimwa kwamba jicho huruka kiasi cha mara tatu au nne kwa kila sekunde, na kila linapotua hukaa kwa muda wa takribani robo ya sekunde. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa Kisovieti Alfred Yarbus alionyesha jambo kubwa zaidi. Aliwapa watu picha moja ya kuchorwa, akawauliza maswali tofauti kuihusu, akakuta njia ya macho juu ya picha hiyo hubadilika kulingana na swali. Maana yake ni kwamba jicho hutumwa na akili, na anayeifuata njia ya jicho anaona sehemu ya kazi ambayo akili inaifanya.

Yarbus alilazimika kubandika vifaa juu ya mboni za watu, kazi isiyopendeza hata kuisoma. Siku hizi kifaa ni kamera ndogo iliyowekwa chini ya kioo cha kompyuta. Kamera hiyo hutoa mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni na usioumiza. Mwanga huo hung'aa juu ya konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kamera hupima umbali kati ya mng'ao huo na katikati ya mboni. Umbali huo hubadilika kila jicho linapogeuka. Kabla ya kuanza, mzee huombwa aangalie nukta chache kwenye pembe za kioo ili kifaa kizoee macho yake. Kisha kompyuta huandika mahali anapotazama, mara 60 kwa sekunde kwa vifaa vya kawaida na hadi mara 1,000 kwa vile vya maabara. Haguswi, hachomwi sindano. Anaketi na kutazama.

Anatazama nini? Njia mbili zinatosha kueleza wazo lenyewe.

Ya kwanza ni ya picha mbili. Mzee anaonyeshwa picha, inaondolewa, na baada ya muda anaonyeshwa ile ya zamani pamoja na mpya, bila kuulizwa chochote. Jicho la mtu mwenye kumbukumbu nzima huvutwa na kipya, kama tunavyogeuka wote kumtazama mgeni anapoingia barazani huku wenyeji tukiwapita. Mtu aliyesahau ile ya kwanza huzitazama zote mbili sawasawa, kwa kuwa kwake zote ni mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kipimo hiki kwa watu wenye udhaifu mdogo wa utambuzi. Muda ulipokuwa sekunde mbili tu, watu hao hawakutofautiana na wenzao wazima. Muda uliporefushwa kuwa dakika mbili, tofauti ilijitokeza. Dakika mbili zilitosha kuifuta picha.

Ya pili hupima uwezo wa kujizuia. Nukta ya mwanga inatokea upande mmoja wa kioo, na mzee ameambiwa atazame upande wa pili. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, hata kwa kijana, kwa sababu jicho limeumbwa kukimbilia kinachong'aa. Kila mtu hukosea mara chache, hugundua, hurekebisha. Watafiti wakiongozwa na Trevor Crawford wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walionyesha kwamba wagonjwa wa Alzheimer hukosea mara nyingi zaidi na, jambo lenye uzito zaidi, mara nyingi makosa hayo hawayarekebishi.

Nchini Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka walichapisha mwaka 2019 kipimo cha filamu fupi na picha ambacho mzee hukikamilisha kwa chini ya dakika tatu kwa kutazama tu jibu analoliona ni sahihi. Walikijaribu kwa watu 80, wazima, wenye udhaifu mdogo na wenye demensia, na alama zake zilikubaliana vizuri na za vipimo vya maswali vinavyochukua muda mrefu zaidi.

Msomaji atauliza kama mambo haya ni ya maabara zenye umeme usiokatika tu. Jibu linatoka karibu nasi kuliko Osaka. Huko Malawi, katika vijiji vya Mangochi kusini mwa Ziwa Nyasa, ambako Wayao wengi ni ndugu wa lugha na wa asili wa Wayao wa Masasi, watafiti wa Malawi na wa Finland walitumia kifaa cha kufuatilia macho kupima utambuzi wa watoto wachanga wa miezi tisa, na mwaka 2017 walichapisha kwamba kazi hiyo inawezekana katika mazingira ya kijijini. Mtoto wa miezi tisa hasomi wala hasemi. Kama kifaa kinaweza kumpima yeye, si ajabu kufikiri kwamba siku moja kitampima bibi yake.

Lakini neno ni siku moja. Vingi vya vipimo hivi vya wazee bado ni vya utafiti. Vimejaribiwa kwa makundi madogo, kwa sehemu kubwa ya watu wa mijini waliozoea kutazama vioo. Mzee ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta anaweza kutazama kila kona ya kioo kwa sababu kioo chenyewe ndicho kipya, na mashine isiyojua hilo itamwandika vibaya. Kutokuwa na shule hakuchezi na jicho moja kwa moja kama kunavyocheza na kalamu, lakini mazoea ya kusoma picha nayo ni aina ya shule. Kwa maoni ya mwandishi, hilo halijadiliwi vya kutosha na wanaokisifu kifaa hiki. Basi akitokea mtu mnadani au nyumba kwa nyumba na simu mkononi, akidai kwamba anapima ugonjwa wa kusahau kwa macho na kutaka fedha, mwananchi amkatalie na kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa.

Kilichofanyika Hai

Kwa bahati njema, nchi yetu ina kazi yake katika jambo hili, tena ya kupigiwa mfano. Katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, madaktari wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Uingereza, wakiwemo Profesa Richard Walker na Daktari Stella-Maria Paddick, walipita vijiji na kuwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri, wazee 6.4 katika kila 100 walikuwa na demensia. Kabla ya hapo wapo waliodhani kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, au wa watu wa mjini.

Kutokana na kazi hiyo kilitengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichojaribiwa Hai na pia nchini Nigeria, kwa makusudi ya kumfaa mtu asiyesoma. Hakina kalamu. Mzee anaambiwa maneno kumi na baadaye anaombwa ayakumbuke. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anaulizwa siku ya juma, na kiongozi wa kijiji chake ni nani. Anaeleza maana ya kitu cha kawaida, kama daraja. Mwisho mpimaji anapanga njiti chache za kiberiti kwa umbo fulani mezani, naye anaombwa kuliiga. Alama kamili ni 15. Mwenye 10 au zaidi huchukuliwa kuwa hana dalili. Mwenye 8 au 9 huhitaji kuangaliwa zaidi. Mwenye 7 kushuka huenda ana demensia na anapaswa kumwona daktari.

Swali la daraja linastahili maneno machache. Juu ya uwanda wetu ardhi hunywa maji yote na mito haipo, hivyo mtu anaweza kuzeeka Newala bila kuvuka daraja la maana. Hata hivyo tangu mwaka 2010 Daraja la Umoja limesimama juu ya Ruvuma pale Mtambaswala, Nanyumbu, na neno lenyewe limeingia katika mazungumzo ya kila siku. Hata swali dogo namna hiyo lazima lipimwe kwa mahali kabla ya kupimia watu. Orodha ya wanyama nayo mzee wa Masasi ataianza kwa nguruwe pori na nyani wanaomharibia shamba, wakati wa mjini ataanza kwa paka, na wote wawili wako sawa. Kinachohesabiwa ni wingi, na kutorudia.

Hapo mwandishi hafichi upande wake. Kifaa cha macho ni ahadi nzuri, lakini kiberiti kinauzwa kila duka la kijijini, na mhudumu wa afya aliyefundishwa anaweza kukitumia kesho asubuhi chini ya mkorosho, kwa lugha ya mzee mwenyewe.

Chekeche halipiki chakula

Iwe ni njiti au kamera, uchunguzi wa awali ni chekeche, wala si hukumu. Tuchukue mfano wa hesabu. Wazee 100 wa kata moja wamepimwa, na tuseme, kwa kufuata kiwango cha Hai, sita kati yao kweli wana demensia. Kipimo kizuri kikiwakamata watano kati ya sita, kinampoteza mmoja. Katika wale 94 wazima, kikikosea kwa kumi tu, jumla ya watakaoambiwa warudi kwa uchunguzi ni 15, na kumi kati ya hao hawana ugonjwa. Yaani wawili katika kila watatu walioitwa wameitwa bure. Huo si ubovu wa kipimo. Ndivyo chekeche lolote linavyofanya pale wanaotafutwa ni wachache kati ya wengi. Na kwa udhaifu mdogo wa utambuzi mpaka hauonekani wazi kama wa demensia, kwa hiyo makosa huwa mengi zaidi.

Kwa sababu hiyo ni dhambi kumtangaza mtu kijijini kwa alama za siku moja. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na wekundu wa macho uliotokana na moshi wa jikoni ukachukuliwa kuwa ushahidi. Mzee anayezungumza peke yake au anayekutwa usiku nje ya nyumba asiyoijua yuko katika hatari hiyohiyo. Alama za kipimo ni siri kati yake, mhudumu na jamaa aliyemchagua.

Kabla ya kumbukumbu, macho yenyewe

Kamera ya kufuatilia macho hushindwa kazi pale jicho lenyewe ni gonjwa: mtoto wa jicho unapofunika mboni, kovu la trakoma, yaani vikope, linapoharibu konea, au ngozi ya jicho inapoanguka na kuifunika nusu. Lakini hata pasipo kamera yoyote, mzee asiyeona hukosa maswali kwa sababu ya macho. Anashindwa kuiga njiti kwa sababu hazioni. Anamwita mjukuu jina la mwingine kwa sababu anaona kivuli tu. Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, macho ya watu wengi huwasha na kutoa machozi, na si wakati mzuri wa kumpima mzee aliyeshinda shambani.

Liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa katika maisha yote ya watu, yangeweza kuzuia au kuchelewesha takribani asilimia 45 ya demensia duniani. Kutoona kusikotibiwa kuliongezwa katika orodha hiyo mwaka huo. Kutosikia kulikuwemo tayari, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, upweke na kutofanya mazoezi ya mwili. Akili isiyopata habari kutoka machoni na masikioni hulegea. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni wa muda mfupi, na mzee aliyerudishiwa mwanga hurudi barazani, hurudi kwenye bao, hurudi kwa watu. Kwa hiyo familia yenye mzee anayesahau ianze na chumba cha macho na kipimo cha shinikizo la damu, kwanza kwa sababu vinapatikana, pili kwa sababu vinatibika.

Demensia yenyewe haina tiba ya kuimaliza, lakini yapo ya kufanya. Huko Hai wagonjwa walikusanywa katika vikundi vya kuchangamsha akili, mpango wa vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono zinazofahamika kwa wazee, na waliohudhuria walionyesha nafuu. Wazee wetu wana ngoma, hadithi, vitendawili na ususi wa mikeka; mali ghafi haikosekani.

Kumpeleka mzee

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha karibu. Kutoka huko rufaa huenda hospitali ya wilaya, au Mkomaindo na Ndanda kwa wakazi wa upande wa Masasi, na inapobidi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, Mtwara. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na utaratibu wa kumpisha apate huduma kwanza unatokana na msingi huo. Kama ana kitambulisho cha mzee au kadi ya bima, kichukuliwe.

Aende na mtu anayeishi naye, si kijana aliyefika juzi kutoka Dar es Salaam. Mtu huyo aweze kueleza kusahau kulianza lini, kulikuja polepole au kwa kishindo, na ni kazi gani ya nyumbani ambayo mzee aliifanya mwaka jana na sasa imemshinda. Dawa zote anazotumia, za hospitali, za dukani na za miti shamba, ziwekwe katika mfuko mmoja na kupelekwa kama zilivyo. Miwani yake aivae. Mhudumu aambiwe mapema ni lugha gani mzee anaifahamu zaidi, ili maswali yaulizwe kwa lugha hiyo, na anayetafsiri asimpe majibu mdomoni.

Kuchanganyikiwa kulikoanza kwa saa au siku chache, pamoja na homa, usingizi mzito, kupooza upande au maneno kukatika, si jambo la kusubiri siku ya kliniki. Hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria, maambukizi, sukari kushuka au kiharusi, na apelekwe saa hiyohiyo, hata usiku.

Alama za siku ya kwanza ziandikwe katika daftari lake la kliniki na daftari litunzwe vizuri. Mhudumu akimtaka arudi baada ya miezi kadhaa, arudi na daftari hilo, aulizwe kwa lugha ileile, na ikiwezekana asubuhi kama mara ya kwanza, kwa kuwa mzee aliyechoka na mwenye njaa hupoteza alama ambazo hakuzipoteza kwa ugonjwa.